Seti ya kutolea na kukagulia pistoni za pikipiki: vipimo safi, kibana ringi cha kutupa

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Seti hii inafaa kununuliwa na fundi yeyote anayefungua injini za pikipiki, lakini inafaa kwa sababu ya maikromita, geji ya silinda (ya kupimia kipenyo cha ndani cha silinda) na fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mapengo) zilizomo. Vifaa vya kutolea pistoni, ambavyo ndivyo vimechorwa kwa rangi za kung'aa juu ya kifuniko, kimoja ni kizuri, kimoja ni cha kuvumilia, na kimoja sijui aliyekiweka alikuwa anafikiria nini. Jina la kampuni silitaji. Seti za namna hii hutoka kwa majina mengi, na ukifungua masanduku unakuta vyuma vilevile.

Ndani ya sanduku la plastiki jeusi kuna kivuta pini chenye bolti ndefu na vikombe vya saizi mbalimbali, koleo la kupanulia ringi, kibana ringi cha mkanda, kikwangua mifereji ya ringi, maikromita mbili (ya milimita 0 hadi 25 na ya 50 hadi 75), geji ya silinda yenye saa, ya kupimia vipenyo vya 50 hadi 160, fila geji, na karatasi ya maelekezo. Hiyo karatasi nina neno nayo, subirini.

Nimeitumia zaidi kwenye injini za silinda moja za mipigo minne. Mfano nitakaourudia hapa ni injini ya muundo wa Honda CG125: silinda ya kipenyo cha milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5, ujazo wa cc 124. Valvu zake zinasukumwa na fimbo, kwa hiyo hakuna cheni ya kamshafti ya kuning'iniza kwa waya isije ikadondoka ndani. Unatoa fimbo, unalegeza nati za hedi kwa msalaba na kwa awamu, hedi inatoka, silinda inapanda, pistoni hiyo mbele yako. Pikipiki yenyewe ilikuja ikitoa moshi wa bluu kila ukivuta mafuta, na oili ikipungua bila tone hata moja chini. Mwenyewe alikuwa ameshanunua pistoni mpya na ringi zake, saizi ya kawaida, zimo mfukoni kwenye boksi. Alitaka tuzipachike tu aende.

Kivuta pini ndicho nilichokigusa kwanza. Pini ya pistoni ya pikipiki kwa kawaida huelea: inateleza kwenye jicho la konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka chini), inateleza kwenye pistoni, na kinachoizuia isitoke ubavuni ni klipu mbili za waya. Injini ikiwa haijateswa, ukitoa klipu moja unaisukuma pini kwa kidole. Inapokwama, mara nyingi ni kwa sababu oili iliyoungua imeganda ukutani karibu na mfereji wa klipu, au klipu yenyewe imeinua kaukingo kadogo ka aluminiamu. Hapo ndipo wengi hushika nyundo na kipande cha nondo. Lile pigo haliishii kwenye pini. Linakwenda kwenye konrodi, na konrodi inalipeleka kwenye beringi ya krenki. Pini itatoka, na baada ya wiki injini itaanza kugonga chini, na hakuna atakayekumbuka nyundo.

Kivuta hiki kinapitisha bolti katikati ya pini, kikombe kinaegemea ubavu wa pistoni, unazungusha nati na pini inafuata polepole huku konrodi haijui kinachoendelea. Pini za 13, 14 na 15 zimetoka bila ubishi. Nyuzi za bolti zimekatwa vizuri na bado hazijaanza kuliwa. Kasoro yake ni kwamba vikombe vina ukingo mkali usio na mpira, na pistoni ni laini. Kata mduara wa mpira wa tyubu uuweke katikati, kisha endelea. Pini ikikataa kabisa, pasha pistoni kwa hewa ya moto kwanza. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea kabla pini haijanenepa.

Kinachoshangaza ni kwamba seti ya kutolea pistoni haina kifaa cha kutolea klipu. Bado utatumia bisibisi nyembamba kwenye kile kikato cha ubavuni, kidole gumba kikiwa kimeizuia klipu isiruke. Ziba mdomo wa krenkikesi, yaani nyumba ya krenki, kwa kitambaa kisafi kabla hujagusa chochote, maana klipu ikidondoka humo ndani, injini nzima inashuka kwenye fremu. Na klipu ukishaitoa, itupe. Waya uliokwisha kupindwa hauna tena nguvu ya kukaa kwenye mfereji, na klipu ikitoka injini ikiwa kwenye mwendo, pini inaanza kuchora ukuta wa silinda. Unapoweka mpya, mdomo wake usikae mbele ya kile kikato.

Koleo la kupanulia ringi nalipitia haraka. Linafanya kazi kwenye ringi nene. Ringi za injini za siku hizi zina unene wa milimita moja na ushee, na midomo ya koleo hili ni minene kuliko ringi zenyewe, hivyo inateleza. Ringi ya chuma cha kutupwa haipindi sana, inakatika tu. Vidole gumba viwili mdomoni mwa ringi, unaifungua kiasi cha kuvuka utosi wa pistoni na si zaidi, yatosha.

Sasa kibana ringi. Hiki kimenikera, na nitaeleza kwa nini ili asije mtu akadhani ni suala la ubora wa chuma. Chuma chake ni kizuri. Tatizo ni kwamba ni kifaa cha gari. Kwenye gari pistoni huingia silinda kutokea juu: unazungushia ringi mkanda, unaukaza, unagonga utosi wa pistoni kwa mpini wa nyundo, pistoni inazama na mkanda unabaki juu mkononi mwako. Kwenye pikipiki mambo yamepinduka. Pistoni imeshasimama kwenye konrodi, na silinda ndiyo inayoshuka kuifuata. Ringi zikishaingia zote, mkanda umebaki chini, umeizunguka konrodi. Ili utoke lazima ufunguke ubavuni, na huu haufunguki. Ukiulegeza hadi mwisho bado ni duara lililofungwa. Tena ni mrefu kuliko pistoni ya injini ndogo nzima, kwa hiyo unaanza kugonga krenkikesi kabla silinda haijafika kwenye ringi ya juu. Nimeona mtu mmoja akisifu kibana cha aina hii kwa pikipiki. Ningependa kumwona akikitoa.

Kibana cha pikipiki ni mkanda mfupi wenye nafasi, unaoshikwa na koleo na kuachia upande. Na kwa silinda moja hata hicho si lazima. Mdomo wa chini wa silinda umechongwa mshazari makusudi, upake oili, ringi zikandamize kwa kucha moja baada ya nyingine huku mwenzako akiishusha silinda wima bila kuizungusha. Ukihisi imegoma, imegoma. Inua, angalia mdomo wa ringi uko wapi. Anayesukuma kwa nguvu hapo anavunja ringi na atajua hilo siku atakapowasha. Kwenye injini za silinda mbili au nne zilizopangwa mstari mmoja, vibana vinavyofunguka vinakuwa vya lazima, pamoja na vipande vya mbao vya kutegemeza pistoni zisizame. Seti hii haina kimojawapo.

Tukija kwenye vipimo, mambo yanabadilika kabisa.

Maikromita ya 50 hadi 75 inakuja na fimbo yake ya kupimia sifuri, ya milimita 50 kamili, pamoja na spana ndogo ya kurekebishia. Yangu ilikuwa imepotoka kidogo ilipotoka kwenye boksi. Nikairekebisha, na tangu hapo haijahama. Niliilinganisha na maikromita ya zamani ninayoiamini kuliko baadhi ya ndugu zangu, tofauti haikufika mstari mmoja. Mistari inasomeka, kiegemeo cha mkono kimefunikwa plastiki, na kile kifundo cha mwisho kinachotoa mlio kinaachia kwa nguvu ileile kila mara. Hilo la mwisho ndilo la muhimu. Maikromita ambayo kila mkono unaikaza kivyake haina faida mbele ya venia.

Pistoni haipimwi popote pale unapotaka. Si duara na si mcheduara ulionyooka. Imechongwa yai kidogo, nene upande unaokatiza pini na nyembamba upande wa pini, na juu kwenye ringi ni nyembamba kuliko chini kwenye sketi, yaani ukuta ulio chini ya ringi, kwa sababu utosi ndio unaopata moto na ndio utakaotanuka zaidi. Kwa hiyo unapima sketi, kwa kukatiza pini, kwenye kimo ambacho kitabu cha injini kimetaja. Kwa injini nyingi ndogo ni kama milimita 10 kutoka ukingo wa chini. Sasa ile karatasi ya maelekezo: mchoro wake unaonyesha maikromita imeshika pistoni sambamba na pini. Anayeufuata atapata namba ndogo kuliko ukweli kila mara, na atahukumu pistoni nzima kuwa imekwisha. Nimeichana. Sanduku likikufikia na karatasi yenye mchoro huo, fanya hivyohivyo.

Jambo jingine ambalo karatasi haikusema ni joto. Vipimo vya mitambo duniani vimekubaliwa kuwa vya nyuzi 20 za Selsiasi. Pistoni ya milimita 57 hivi ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya silinda, inanenepa karibu sehemu moja ya mia ya milimita, 0.01. Hiyo 0.01 ni kitu kidogo sana mpaka ukumbuke kwamba nafasi yote kati ya pistoni mpya na silinda mpya, kwenye injini hizi, huanzia hapohapo na kuishia kama 0.04. Basi osha pistoni, iweke mezani karibu na silinda, kafanye kazi nyingine, kisha rudi upime. Usiikumbatie kiganjani ukisubiri zamu.

Pistoni ya ile CG ilisoma 56.43.

Geji ya silinda ndiyo iliyonifanya nisiirudishe seti hii dukani. Wanaoiona mara ya kwanza wanadhani inasoma kipenyo moja kwa moja. Haisomi. Unafunga kichwa cha urefu unaokaribia silinda yako, unafungua maikromita kwenye 56.50, unaiingiza geji katikati ya midomo ya maikromita, na hapo unaizungusha saa hadi mshale ukae kwenye sifuri. Kuanzia hapo inachosoma ni tofauti na 56.50. Ukiwa ndani ya silinda unaitikisa mbele na nyuma taratibu, mshale unakwenda unafika mahali unageuka. Pale unapogeukia ndipo kipimo kilipo, maana hapo geji imesimama mraba na ukuta. Mkono unazoea upesi.

Unapima juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili: sambamba na pini, na kukatiza pini. Kwa ile injini, upande unaokatiza pini nilipata 56.61 juu, 56.56 katikati na 56.52 chini. Sambamba na pini juu ilikuwa 56.57. Kwa maneno mengine silinda ilikuwa imefunguka juu kama faneli, na ilikuwa imegeuka yai. Hivyo ndivyo silinda huliwa. Juu, pale ringi ya kwanza inapogeuzia safari, moshi wa mlipuko unapita nyuma ya ringi na kuibana ukutani kwa nguvu, pistoni imesimama kwa kitambo kidogo, na oili hapo ni utando mwembamba uliochomwa. Chini kuna baridi na oili tele, pamechakaa kidogo tu.

Toa 56.43 kwenye 56.61. Nafasi ni 0.18. Vitabu vya injini nyingi za ukubwa huu huweka kikomo cha 0.10. Hata ile pistoni mpya aliyokuja nayo mwenyewe ingeingia, ingekuwa na nafasi ya kucheza, ingepiga makofi ukutani asubuhi injini ikiwa baridi, na ringi mpya za duara zingekuwa zinaziba silinda ya yai. Moshi ungepungua kwa muda, kisha ungerudi. Nilimwonyesha mshale wenyewe ukitembea. Hakubishana, ingawa alinyamaza kwa muda mrefu akiliangalia boksi lake. Silinda ilikwenda kuchongwa kwa ovasaizi ya 0.25, yaani pistoni inayozidi saizi ya kawaida kwa 0.25. Kutoka 56.61 hadi 56.75 palikuwa na nyama ya kutosha kuondoa michirizo. Michirizo ingekuwa ya kina zaidi tungeruka hadi 0.50. Pistoni za ovasaizi huandikwa namba hiyo utosini, 0.25, 0.50 na kuendelea, na mchongaji apewe pistoni yenyewe mkononi aipime, asichonge kwa kusoma boksi.

Kasoro ya geji hii ni mbili. Nati inayoshika kile kichwa cha kubadilisha hulegea ukiitumia kwa muda, na ikilegea namba zinahama bila kukuambia. Irudishe kwenye maikromita baada ya silinda kumalizika, uhakikishe sifuri ni ileile. Ya pili ni kubwa zaidi kwa wenye pikipiki ndogo. Injini nyingi za cc 110 zina silinda ya kipenyo cha 50 kwa mwendo wa 55.6. Geji inaanzia 50, inashika kwa shida. Pistoni yake iko chini kidogo ya 50, na maikromita ya seti inaanzia 50. Kwa hiyo huwezi kuipima. Injini za cc 50 zenye silinda ya kipenyo cha 39 ndizo usizitaje kabisa. Walichotakiwa kuweka ni geji ya 35 hadi 60 na maikromita ya 25 hadi 50 juu ya hizi zilizopo, na mahali pa kuziweka pangepatikana kwa kutupa kile kibana cha gari.

Maikromita ndogo ya 0 hadi 25 ni ya pini. Ipime katikati, panapokaa konrodi, kisha pembeni. Ukipata tofauti, au ukucha ukinasa kwenye kingo mbili za ule mkanda wa katikati, pini imekwisha, na uliangalie na jicho la konrodi.

Fila geji ningeinunua peke yake hata seti nyingine yote ingeibwa. Pengo la ringi hupimwa hivi: unaitumbukiza ringi silindani bila pistoni, unaisukuma kwa utosi wa pistoni ili ikae mraba, kisha unatafuta jani linalopita kwenye mdomo wake kwa kukwaruza kidogo. Ringi mpya ya kwanza ya injini hizi hukaa kati ya 0.10 na 0.30 hivi, na kikomo ni karibu na nusu milimita, kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Ikiwa finyu mno pia ni hatari: ringi ikipata moto inarefuka, midomo inagusana, na isipopata pa kwenda inang'ang'ania ukuta.

Lakini uzuri wake uko hapa. Chukua ringi hiyohiyo, ipime chini ya silinda, kisha ipandishe uipime juu. Kwa ile injini nilipata 0.38 chini na 0.66 juu. Tofauti ni 0.28. Duara likiongezeka kipenyo, mzingo wake huongezeka mara 3.14 ya nyongeza hiyo, kwa hiyo gawanya 0.28 kwa 3.14, unapata 0.09. Na geji ya silinda ilikuwa imesema 56.61 juu na 56.52 chini: 0.09. Majani ya chuma yasiyo na betri wala saa yamesema kitu kilekile. Asiyeweza kununua seti nzima aanze na hapa. Hatajua kipenyo chenyewe, na yai hataliona, ila ufaneli wa silinda atauona waziwazi.

Majani yanaanzia 0.02, na hayo membamba yanapinda ukiyatazama vibaya. Namba zimechapwa kwa wino, na petroli inazifuta. Zikwangue kwa ncha kali mapema. Majani hayohayo yanapima pia nafasi ya ringi ndani ya mfereji wake, kati ya ringi na ukingo. Mfereji wa juu ndio hupanuka kwanza, na ukishapanuka hakuna ringi mpya itakayokutibu.

Kikwangua mifereji kina meno makali kupita kiasi. Kinaondoa masizi, na aluminiamu chini ya masizi. Ringi iliyovunjika, ikinolewa mwishoni, inafanya kazi hiyo kwa adabu zaidi.

Kabla ya maikromita kuna macho, na seti haiwezi kukuuzia hayo. Usiioshe pistoni kabla hujaisoma. Michirizo mingi iliyonyooka juu hadi chini kwenye sketi ni vumbi, nenda kaangalie chujio la hewa na mpira wa kabureta, la sivyo pistoni mpya itakufa kifo kilekile. Aluminiamu iliyopakazika pande nne, kama imefutwa kwa kidole, ni pistoni iliyopata moto na kubanwa. Doa la kahawia linaloshuka chini ya ringi ni moshi unaopita. Utosi wenye vijitundu vidogo pembeni, kama uliodonolewa, ni mlipuko unaotokea ovyo, tafuta taimingi au mafuta haba. Na kama sketi imesuguliwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, acha pistoni, pima konrodi, imepinda.

Angalia pia alama utosini kabla ya kuitoa. Wengine huandika IN, ikae upande wa kabureta. Wengine huweka mshale, ambao mara nyingi huelekea eksozi. Tundu la pini kwenye pistoni nyingi halipo katikati kabisa, limesogezwa kidogo upande mmoja ili pistoni isipige ukuta inapogeuza, na vikato vya valvu utosini havilingani ukubwa. Ukiigeuza, itaingia bila kukataa.

Kwa injini za mipigo miwili seti inasaidia nusu. Kivuta na vipimo vinafaa, lakini jicho la konrodi lina beringi ya sindano ya kuangalia, na kwenye mifereji ya ringi kuna vijiti vidogo vya kuzuia ringi isizunguke mdomo wake ukaingia kwenye dirisha la silinda. Mdomo wa ringi lazima ukae kwenye kijiti. Nyingi za injini hizo, na za mipigo minne za kisasa, zina silinda za aluminiamu zilizopakwa nikeli yenye chembe ngumu za silikoni kabaidi. Mojawapo ya upako huo, Nikasil, ni jina la biashara la kampuni ya Mahle ya Ujerumani tangu 1967. Silinda hizo hazichongwi kwa ovasaizi kama za chuma. Geji itakuambia kama bado iko ndani ya kikomo, na ikiwa haiko, inapakwa upya au inabadilishwa.

Muuzaji nilimwandikia kuhusu kibana na ile karatasi. Alijibu kwa upole kwamba atapeleka maoni, na akanitumia kibana kingine cha bure, cha gari vilevile, cha saizi kubwa zaidi. Nimempa jirani anayetengeneza malori. Kama duka lako linauza maikromita ya 50 hadi 75, geji ya silinda na kivuta pini kimoja kimoja, piga hesabu kwanza. Jumla ikikaribia bei ya sanduku, chukua kimoja kimoja, na hiyo tofauti ongeza maikromita ya 25 hadi 50.